Bastola Mbili za Ciril

Bega la kushoto la shemeji yangu Ciril lilipasuliwa mwezi wa Septemba. Daktari alimpa masharti mawili: afunge karakana yake ya useremala, na asivute wala kusukuma kitu kizito kwa mkono huo mpaka theluji iyeyuke. Karakana aliifunga bila kubishana. Sharti la pili ndilo lililomsumbua, kwa sababu bastola yake ya upepo ni ya springi, na bastola ya springi haifanyi kazi mpaka uivute.

Ubavuni mwake upande wa kushoto kuna wenzo wa chuma. Mkono wa kulia unashika mpini, wa kushoto unavuta wenzo kuelekea nyuma mpaka usikie umenasa. Hapo springi iliyo ndani imejikunja. Ukigusa kifyatulio, springi inaachia, inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, na hewa inatoa risasi. Kila risasi inadai mvuto wake, na kila mvuto unadai bega.

Siku ya Mtakatifu Stefano, yaani siku inayofuata Krismasi, kijiji chetu cha Zavrh hushindana na Selo, kijiji cha ng'ambo ya mto. Watu wanne kila upande, risasi ishirini kila mtu, umbali wa mita kumi, kwa kusimama na mkono mmoja. Tunapiga ndani ya banda la gari la zimamoto la kijiji mwenyeji, milango ikiwa wazi, kwa sababu ndivyo walivyopiga waliotutangulia, na kwa sababu kila kijiji kinaamini kwamba baridi inakiumiza kingine. Alama za juu kabisa ni mia mbili. Kijiji kinachoshinda huchukua ubao wa mviringo uliochorwa picha, na kuutundika ukutani mpaka mwaka unaofuata. Kwa miaka mingi mbao hizo alizitengeneza Ciril. Ya mwaka huu ilitengenezwa na fundi wa Selo.

Mimi ni mfamasia na ndimi nahodha wa Zavrh. Kazi ya nahodha ni moja tu yenye uzito: kuchagua wanne. Nyuma ya wanne wetu alikuwepo Silva, anayeendesha gari la posta. Kwa miaka mitatu alikuwa amengoja nafasi, na mazoezini alikuwa hashuki chini ya mia na sitini na nane. Kila mtu alijua kwamba Silva akiingia hatatoka, wala hakuna sababu ya kumtoa. Na sikumbuki mtu wa Zavrh aliyetoka kwenye wanne akarudi. Stanko alitoka kwa sababu ya macho. Tangu hapo siku ya Stefano haji hata kutazama. Huenda kwa binti yake mjini na kurudi giza likishaingia.

Katikati ya Novemba, dada yangu Polona, mke wa Ciril, aliniita kula chakula cha mchana. Tulikula supu ya shayiri na nyama ya moshi. Ciril alikula kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameulaza mapajani.

"Dada, mwambie," alisema Polona. "Mimi hanisikii. Juzi nimemkuta ghalani anavuta lile lichuma lake, uso umekuwa mweupe kama jibini."

"Mara ngapi umevuta?" nilimwuliza Ciril.

"Mara chache."

"Shemeji, 'mara chache' si jibu."

Alitazama sahani. "Mpaka ya nane naenda vizuri. Ya tisa inauma. Baada ya kumi mkono unakufa ganzi, nalazimika kuishika bastola kwa kushoto nikavuta kwa kulia."

"Halafu mkono wa kulia unatetemeka wakati wa kulenga."

"Unatetemeka, ndiyo. Wewe umejuaje?"

"Mkono uliotoka kuvuta hauwezi kutulia papo hapo. Hata wangu."

"Basi Polona anivutie!" alisema, akacheka kidogo.

Polona hakucheka. Wote watatu tuliijua sheria. Sheria zetu za banda ni chache: kila mtu huandaa silaha yake kwa mikono yake mwenyewe; hakuna moto bandani; nusu saa kwa risasi ishirini; nahodha hasemi neno mtu wake akiwa kwenye mstari. Na kwa kuwa springi hukatika kwenye baridi, mtu anaruhusiwa kubadili bastola mara moja tu baada ya kuanza kuhesabiwa, lakini akishabadili harudii ile ya kwanza.

"Kwa hiyo nimwite Silva?" niliuliza.

Swali lilikuwa gumu, lakini lilikuwa swali lenyewe. Polona alinyanyuka akaenda kuongeza kuni.

"Nipe namba," alisema Ciril. "Nitamwacha Silva akae nafasi yangu nikishindwa kufika namba hiyo. Mia na sabini. Siku ya Stefano yenyewe, si mazoezini. Nikipata mia sitini na tisa, mwakani mwite yeye, na mimi sitakununia."

"Utaninunia."

"Nitakununia, lakini mwite."

Nikakubali. Mia na sabini ilikuwa namba ya haki: ilikuwa juu kidogo ya Silva na chini kidogo ya Ciril mwenye mabega mawili.

Wiki iliyofuata tulimpima kwa bastola yake ya springi bandani. Nje palikuwa na baridi ya nyuzi sita chini ya sifuri. Risasi nane za kwanza zilikuwa nzuri, nyingi kwenye tisa na kumi. Zilizofuata zilitawanyika kama punje zilizomwagika. Jumla ilikuwa mia na sitini na moja. Polona, aliyekuwa amesimama mlangoni na shali kichwani, alisema, "Sasa yameisha?" na Ciril akajibu, "Bado."

Nilikuwa nimeshapata bastola ya gesi. Niliipata kwa mpigaji mmoja wa mji wa Kranj aliyekuwa anaiacha. Ni nyepesi, na chini ya mtutu wake pana silinda nyembamba iliyojaa kaboni dioksidi, gesi ileile inayotia mapovu kwenye soda. Huna haja ya kuvuta chochote cha maana: unafungua mlango mdogo kwa kidole, unaweka risasi, unafunga. Kifyatulio kikiguswa, vali inafunguka kwa kitambo kidogo sana, gesi inatoka, risasi inaenda. Haina mrusho. Bastola ya springi inaruka mbele na nyuma mkononi kabla risasi haijatoka kwenye mtutu, na lazima uishike vilevile kila mara, la sivyo inakuadhibu. Ya gesi inakusamehe.

Ciril aliijaribu nyumbani, kwenye korido ndefu inayotoka jikoni hadi ghalani, milango imefungwa na jiko linawaka. Alipata mia na themanini na moja. Aliiweka mezani akaitazama kama mtu anayetazama farasi wa jirani.

"Hii si kupiga shabaha," alisema. "Hii ni kumimina."

"Kesho tunaipeleka bandani," nilisema.

Bandani, yeye yuleyule na bastola ileile, risasi zilishuka chini. Si kwa bahati: zilishuka zote, pete moja na nusu chini ya pale alipolenga, na kadiri alivyozidi kupiga haraka ndivyo zilivyozidi kushuka.

"Imeharibika," alisema Ciril. "Yule wa Kranj amekutapeli, shemeji."

"Haijaharibika. Sikiliza. Ndani ya silinda gesi ipo kama maji. Presha yake inategemea joto tu. Jikoni kwako ilikuwa na presha kamili; hapa ina karibu nusu. Na kila risasi unayopiga inaipoza silinda zaidi. Risasi inakwenda polepole, kwa hiyo inaanguka zaidi njiani."

"Kwa hiyo ni bastola ya kiangazi."

"Ni bastola ya joto moja. Joto lolote, ilimradi liwe lilelile."

Hilo alilielewa haraka, kwa sababu mbao nazo ziko hivyo: ukikata ubao ndani ya joto na kuufunga nje kwenye unyevu, mlango haufungi. Tuliamua hivi. Bastola ya gesi ilale nje, barazani, ndani ya kasha lake, isiingizwe ndani hata kidogo. Kilengeo kirekebishwe kwenye baridi. Apige risasi moja, ahesabu pumzi, aipe silinda muda wa kurudi katika hali yake, ndipo apige nyingine. Nusu saa inatosha kwa mwendo huo. Nilipima pia kitu kingine, kwa sababu napenda kujua pande zote: nikaiingiza bastola jikoni mpaka ikapata moto, nikaitoa nje, nikaona inachukua muda gani kurudi. Ilichukua karibu robo saa. Nikamwambia hivyo, naye akaitikia kwa kichwa kama anayeambiwa bei ya kitu asichokusudia kununua.

Kwa mtindo huo alipata mia na sabini na sita bandani, siku mbili mfululizo. Uamuzi ukawa umekwisha. Angepiga kwa gesi. Ya springi ingekaa nyuma yake kwenye meza ya akiba, kwa sababu mimi sipendi meza tupu.

"Ya nini?" alisema. "Silinda imejaa."

"Mpira wa vali ukipasuka kwa baridi, utapiga kwa kidole?"

"Polona, dada yako anafikiri kila kitu kitapasuka."

"Ndiyo maana yuko duka la dawa," alisema Polona, "na wewe uliishia hospitali."

Siku ya Stefano asubuhi padri alibariki farasi mbele ya kanisa, kama kawaida, na farasi wa Lovro akala nusu ya chumvi iliyobarikiwa ambayo kila mtu alimletea farasi wake. Lovro Kavčič ni nahodha wa Selo, mwanamume mnene mwenye sauti ya mnada, na hupiga kwa springi tu. Alimwona Ciril amebeba kasha jipya.

"Fundi! Nasikia umeacha bastola, umenunua soda."

"Ukishapigwa ndiyo utajua ladha yake."

"Usisahau kunibakizia kidogo ya kuchanganyia divai!" Watu wa Selo wakacheka. "Na bega? Linasemaje?"

"Linakusalimia."

Mwaka huu ilikuwa zamu yetu kuwa wenyeji. Wageni wanapokewa kwenye nyumba iliyo jirani na banda, nyumba ya mama Rozalija, mama yake Rajko, mkuu wa zimamoto. Rajko ndiye mwamuzi kwa pande zote mbili na hajawahi kutuhumiwa na yeyote. Katikati ya nyumba hiyo liko tanuri la mkate lenye ukubwa wa kitanda, limezungukwa na benchi la mbao, na kwenye benchi hilo na juu ya tanuri lenyewe ndiko kila kitu kinachotoka nje hukaa: glovu, soksi, buti, paka, mkate wa sikukuu wenye njugu za jozi, mtu anayeumwa mgongo. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo. Kitu kikiwa na baridi, mahali pake ni tanuri.

Ciril aliliacha kasha barazani, juu ya kuni, kama tulivyokubaliana. Angepiga wa mwisho kwa upande wetu. Tuliingia, tukanywa chai na konyagi ya matunda, na mmoja mmoja akaitwa bandani. Mimi nilipiga wa pili, nikapata mia na sabini na moja, kidogo kuliko nilivyotaka. Zamu ya Ciril ilipofika, baada ya watu watatu kila upande Selo walikuwa mbele yetu kwa alama tisa, na Lovro, wa mwisho kwao, alikuwa ameshapiga na kupata mia na sitini na nane. Akaja mlangoni kutazama na kipande cha mkate mkononi.

Ciril alitoka barazani na glovu zake nene za sufu, akatazama juu ya kuni. Kasha halikuwepo.

"Unatafuta hili, mwanangu?" alisema mama Rozalija nyuma yake. Alikuwa amelishika kwa mikono miwili kama sahani ya supu. "Nilikwenda kuchukua kuni nikalikuta limelala nje. Kitu cha mtu kikae nje na baridi hii kama mbwa? Nimelipasha tanurini."

Mimi nilikuwa nimeshatangulia bandani, kwa hiyo sikuliona hilo. Polona ndiye aliyenisimulia baadaye. Anasema Ciril alimshukuru. Hakuwa na jambo jingine la kufanya. Huwezi kumlaumu mwanamke wa miaka themanini na minne kwa kukutunzia kitu chako, na zaidi ya hapo Rajko alikuwa amekwisha kuliita jina lake.

Niliona tu alipofika kwenye mstari. Alivua glovu, akafungua kasha, akashika bastola, akasimama. Kisha akaigusisha silinda shavuni, kama mama anavyopima homa ya mtoto. Kwenye baridi ile chuma kilipaswa kumuuma ngozi. Hakuitoa haraka. Nikajua.

Silinda ile haipaswi kuzidi nyuzi hamsini. Maandishi yako juu yake kwa rangi nyekundu. Haikuwa imefika huko, vinginevyo asingeweza kuigusa vile. Lakini thelathini na tano au arobaini ilikuwa imefika, na kilengeo kilikuwa kimewekwa kwa ajili ya sita chini ya sifuri.

"Risasi tano za kujaribu," alisema Rajko. "Hazihesabiwi. Anza."

Ciril alipiga moja. Ikapanda pete mbili juu. Akapiga nyingine, ikapanda vilevile. Akaacha.

"Fundi, umeitikisa chupa!" alisema Lovro kutoka mlangoni.

"Kimya mlangoni," alisema Rajko.

Mimi sikuruhusiwa kusema kitu. Nilikuwa nimeshapiga hesabu, lakini hesabu yenyewe ilikuwa mbaya. Akipiga sasa, risasi zitakwenda juu. Akizungusha skrubu ya kilengeo kuzirudisha chini, bastola itakuwa inapoa dakika baada ya dakika, na kilengeo kitakuwa cha uongo tena kabla hajafika nusu. Akiiweka chini angoje ipoe, robo saa itakwisha, na itambidi apige risasi ishirini kwa haraka ndani ya robo iliyobaki. Haraka hiyo itaipoza silinda kupita kiasi na risasi zitaanguka chini. Katika njia zote tatu sikuona mia na sabini. Njia ya kungoja ndiyo iliyokuwa na madhara madogo zaidi, na nilitamani angoje.

"Majaribio yamekwisha?" aliuliza Rajko.

"Yamekwisha."

"Nusu saa inaanza."

Ciril aliweka bastola ya gesi juu ya bampa la gari la zimamoto, pale ambapo upepo wa mlango unapita. Aliiweka ubavuni, silinda ikigusa chuma cha bampa. Kisha akageuka akaenda kwenye meza ya akiba, akachukua ile ya springi.

"Ohoo!" alisema Lovro. "Soda imekwisha gesi?"

"Lovro, mara ya pili nakutoa nje," alisema Rajko. Kisha kwa Ciril: "Unaanza na hiyo? Sawa. Ujue kwamba ukibadili umebadili. Hairudi."

"Najua."

Alivuta wenzo kwa mkono wa kushoto. Nilisikia ukinasa. Hakukunja uso. Akainua mkono wa kulia, akashusha taratibu, akapiga. Tisa. Akasubiri, akavuta tena.

Ndipo nikaelewa anachokifanya, na nikaona aibu ndogo ya kitaaluma, kwa sababu vitu vyote viwili nilivijua mimi pia. Bega linabeba mara nane. Gesi inapoa kwa robo saa. Nilikuwa nimeviweka katika vyumba viwili tofauti vya akili yangu, kimoja cha springi na kimoja cha gesi, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kuchagua. Yeye alikuwa na bastola mbili mbele yake na akazitumia zote mbili.

Hakuharakisha. Hilo ndilo jambo ninalopenda kulisema kwa usahihi, kwa sababu wengine husimulia kwamba alipiga kama mtu mwenye wazimu. Alipiga kama mtu anayesubiri gundi ikauke. Alipovuta mara ya saba, mdomo wake ulibana. Alipovuta ya nane, wenzo ulisimama njiani, na kwa muda nilifikiri ataachia. Mtu akiachia wenzo wa springi katikati unaweza kumvunja kidole. Hakuachia. Ulinasa. Risasi hiyo ya nane ilipata alama nane, mbaya kuliko zote za springi.

Polona, mlangoni, alikuwa amegeuka akitazama mlima.

Ciril akaiweka ya springi mezani. "Nabadili," alisema.

"Amebadili," alisema Rajko kwa sauti, ili Selo wote wasikie.

Akaichukua ya gesi kwenye bampa, akaigusisha shavuni tena. Safari hii aliitoa haraka. Bado zilikuwa zimebaki dakika zaidi ya kumi na tano na risasi kumi na mbili. Ya kwanza ilikwenda juu kidogo, ya pili juu kidogo pia. Akangoja kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, pumzi yake ikitoka kama moshi. Ya tatu ikakaa mahali pake, na zilizofuata zikakaa hapohapo. Mwishoni mbili zilishuka, kwa sababu muda ulikuwa umembana na hakuweza kuipa silinda pumziko lake. Rajko aliposema "muda," Ciril alikuwa ameshateremsha mkono.

Rajko na mtu mmoja wa Selo wakaenda kuhesabu. Sisi wengine tulisimama tukipigapiga miguu chini. Ciril alijaribu kuvaa glovu ya kushoto akashindwa, Polona akaja akamvalisha, akamfunga na vifungo vya koti.

"Mia na sabini na tatu," alisema Rajko.

"Kwa hiyo tumeshindwa kwa ngapi?" aliuliza Ciril. Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza.

Tulishindwa kwa alama nne. Alama hizo ningeweza kuzipata mimi mwenyewe kama ningetulia kwenye tano za mwisho, na nilisema hivyo, kwa sababu ilikuwa kweli. Lovro akaubeba ubao kichwani mpaka kwa mama Rozalija, akauweka kwenye benchi la tanuri.

"Toa hapo," alisema Ciril. "Rangi itapasuka."

"Usikasirike, fundi. Nafasi yako umebaki nayo, nimesikia."

"Umesikia wapi?"

"Kijiji chenu kina siri?" Akammiminia konyagi. "Lakini niambie jambo moja. Ipi ni bora? Kweli kabisa. Mke wangu anataka kuninunulia ya gesi, anasema na mimi nazeeka."

Ciril alifikiri. Nilidhani atasema neno la kumkomoa.

"Una bega?" aliuliza.

"Ninalo."

"Una tanuri?"

"Nani asiye na tanuri?"

"Basi baki na springi."

Silva alikuja kumpa mkono. Alisema amefurahi, na nadhani nusu ya furaha hiyo ilikuwa ya kweli, ambayo ni sehemu kubwa kwa mtu aliyengoja miaka mitatu. Nilimwambia kwamba namba ya mwakani itakuwa ileile, kwa Ciril na kwangu pia, na kwamba kwa alama zangu za leo mimi nimeivuka kwa moja tu. Alinitazama akakadiria jambo hilo. Ni mtu wa hesabu.

Mwezi wa Januari, siku moja nikitoka kazini, nilisikia msumeno karakanani kwa Ciril. Nikaingia nikijiandaa kumkaripia. Alikuwa ameubana ubao kwenye jiliwa na kukata kwa mkono wa kulia peke yake, polepole, wa kushoto ukiwa mfukoni.

"Daktari anajua?" niliuliza.

"Alisema nisivute wala kusukuma kwa kushoto. Kwa kulia hakusema kitu."

Lilikuwa sanduku la mbao za msonobari mwekundu, lenye urefu wa mkono, na mfuniko wenye kufuli na matundu madogo chini kwa ajili ya hewa. Lilimchukua wiki tatu. Kwa mabega mawili lingemchukua asubuhi moja. Tulilifunga kwenye ukuta wa nje wa banda, upande wa kaskazini ambao jua halifiki, yeye akikaza skrubu na mimi nikishikilia. Mashindano yakiwa kwetu, bastola za gesi zitakaa humo kuanzia asubuhi ya siku ya Stefano. Funguo ni mbili: moja anayo Rajko, na nyingine ninayo mimi.

Mama Rozalija aliomba ya tatu, kwa ajili ya kufagia vumbi. Ciril alimwambia sanduku halishiki vumbi.